Kutoka Ujari hadi Kebo: Majina ya Kamba Iongozayo Injini ya Boti

Utangulizi

Mfasiri wa hadithi akikosea neno, msomaji hupungukiwa na ladha. Mfasiri wa kitabu cha ufundi akikosea neno, kitu huharibika, na pengine mtu huumia. Kwa sababu hiyo kazi ya kuunda na kusanifu istilahi za ufundi haiwezi kufanywa kwa kutazama kamusi peke yake. Hapana budi mwenye kazi hiyo akijue kitu chenyewe: kilizaliwa wapi, kimebadilika namna gani, kinafanya kazi gani, na kikiharibika huharibika wapi.

Tuchukue kifaa kimoja kidogo. Kuna boti ya starehe iliyoundwa katika miaka ya 1960 au 1970, yenye injini ya dizeli, ambayo mikono ya kuongozea injini imekuwa mizito. Nahodha anakaribia gati. Auvuta mkono nyuma ili gia ibadilike na boti ipunguze mwendo, lakini mkono wakataa, au wakubali kwa kukawia, na boti yaendelea mbele kana kwamba hakuna aliyeiamuru. Aghalabu ubaya hauko katika injini wala katika gia. Umo katika kamba ya chuma iliyofichwa chini ya sakafu, ambayo kazi yake ni kuuchukua mwendo wa mkono wa nahodha na kuupeleka kwenye injini iliyo mbali naye.

Katika Kiswahili cha gereji kamba hiyo huitwa waya. Waya pia ni ule upelekao umeme kwenye taa. Waya ni ule uzungushiao shamba. Waya ni ule ulio ndani ya kamba hiyo, na waya ni kamba hiyo nzima pamoja na gamba lake. Fundi aliye mbele ya kitu hapotei, kwa sababu ana macho na kidole cha kuonyeshea. Msomaji wa kitabu hana ila maneno. Makala haya yanafuata historia ya kifaa hicho na ya majina yake, ili tuone kwamba jina litajalo kazi humsaidia msomaji kuliko jina litajalo madini, na kwamba jambo hilo si geni katika lugha yetu.

Kamba za wanamaji

Lugha ya wanamaji wa pwani yetu haikupata kuridhika na neno "kamba" peke yake. Kamba ya nanga iliitwa amari. Kamba iliyopita katika kapi ili kupandisha foromali na tanga lake iliitwa jarari. Kamba ya kulizuia na kulilegeza tanga kwa kadiri ya upepo iliitwa demani. Na kamba iliyofungwa kwenye usukani ili mshika usukani auelekeze akiwa mahali pake iliitwa ujari, na kwa wingi njari. Kamusi za zamani zimeyahifadhi maneno haya, na baadhi yake yangali vinywani mwa mabaharia.

Yafaa tuangalie namna majina hayo yalivyogawanywa. Amari na demani zaweza kusokotwa kwa nyuzi za mnazi vilevile, na fundi mmoja akazisokota zote mbili siku moja. Majina yao hayakutofautishwa kwa sababu ya nyuzi bali kwa sababu ya kazi. Baharia aliyeambiwa "legeza demani" hakuhitaji kuuliza ni kamba ipi. Usiku wa dhoruba, hapana nafasi ya kuuliza.

Katika hizo zote, ujari ndio unaotuhusu zaidi. Amari hushika, jarari hupandisha. Ujari hupeleka amri. Mkono wa binadamu unafanya jambo hapa, na kitu kilicho pale kinatii. Hiyo ndiyo kazi ya kebo ya injini, na twaona kwamba Waswahili walikuwa na jina la kazi hiyo kabla ya injini yoyote kufika katika bahari yao.

Masango, simu na waya

Madini yaliyovutwa yakawa membamba kama uzi nayo yana historia ndefu katika Kiswahili. Katika biashara ya misafara ya karne ya 19, waya nene za shaba zilizopelekwa bara pamoja na nguo na ushanga ziliitwa masango, na zile nyembamba za mapambo ziliitwa udodi. Baadaye waya za kuzungushia mashamba na nyua zikaitwa seng'enge. Kila jina lilikuwa na mahali pake.

Neno lenye funzo kubwa zaidi ni simu. Asili yake ni Kiajemi, na katika lugha hiyo maana yake ni fedha, kisha waya. Mwaka 1879 Unguja iliunganishwa na Aden kwa waya wa telegrafu uliolazwa chini ya bahari, na neno simu likashikamana na habari ipitayo humo. Baadaye likachukua maana ya chombo cha kuongelea. Leo mtu hutembea na simu isiyo na waya wowote, wala haoni ajabu. Jina lililokuwa la madini limehama likawa jina la kazi, na madini yalipoondoka kazi ikalibakiza jina.

Nafasi ya madini iliyoachwa wazi ikachukuliwa na neno waya, lililotoka katika Kiingereza. Neno hili lilikuja pamoja na umeme, magari na baiskeli, nalo lilikuwa na njaa kubwa: likameza masango, likameza udodi, likaigusa hata seng'enge. Si kosa la neno. Lugha ikipokea vitu vingi kwa muda mfupi hulifanya neno moja libebe mizigo mingi. Lakini iko siku mizigo hiyo hupasa kugawanywa.

Kamba ya chuma na uvumbuzi wa Bowden

Kamba ya chuma iliyosokotwa, kama tuijuavyo leo, ilianza migodini. Mwaka 1834 Wilhelm Albert, ofisa wa migodi huko Clausthal katika milima ya Harz, Ujerumani, alitumia kamba ya waya za chuma zilizosokotwa badala ya minyororo ya kuinulia mizigo. Mnyororo ukikatika pete moja umekwisha. Kamba ya waya nyingi ikikatika waya mmoja, zilizobaki hushika na kumpa mtu nafasi ya kuona hatari.

Hata hivyo kamba ya namna hiyo haijui kupita kwenye kona bila msaada. Huhitaji kapi kila inapogeuka. Tatizo hilo lilitatuliwa na Ernest Monnington Bowden, mtu wa asili ya Ireland aliyeishi London, ambaye alipata hataza ya uvumbuzi wake mwaka 1896. Aliupitisha waya ndani ya ala iliyopindika lakini isiyobonyea kwa urefu wake. Ncha za ala zikishikwa imara pande zote mbili, waya uliomo ndani waweza kuvutwa na kupita kona yoyote bila kapi hata moja. Siri yote imo katika uhusiano wa vitu viwili: kimoja kinakwenda, na kingine kinakaa. Ala isiposhikwa imara, waya ukivutwa ala nayo huvutika, na nguvu yote hupotea njiani.

Uvumbuzi huu ulipata soko kubwa katika breki za baiskeli. Wengi wamemsingizia Frank Bowden, mwenye kiwanda cha baiskeli za Raleigh huko Nottingham, kwa kuwa majina yao yalifanana na kazi zao zilikaribiana. Hataza yenyewe yamtaja Ernest. Afrika ya Mashariki, ambako baiskeli za breki za vyuma vigumu zilitumika kwa miongo mingi, mwalimu wa ufundi aweza kuonyesha tofauti hii kwa urahisi: aweke baiskeli ya breki za vyuma karibu na ile ya breki za waya, na wanafunzi wataona wenyewe ni ipi iwezayo kupita kona.

Wajerumani waliunganisha jina la Bowden na neno lao la kuvuta, wakapata jina moja la kifaa. Tukiliangalia jina hilo, nusu yake yamtaja mtu na nusu yataja kazi. Kiswahili hakikumchukua Bowden. Kilichukua waya, kikaongeza kazi baada yake: waya wa breki, waya wa klachi. Hapo tayari pana hekima ya fundi. Alipoona kwamba neno moja halitoshi, alilikamilisha kwa kutaja kazi, kama baharia alivyofanya kwa kamba zake.

Kebo yaingia botini

Katika meli kubwa za mvuke nahodha hakuiongoza injini kwa mkono wake. Alisogeza mkono wa chombo chenye uso wa duara ulioandikwa mbele, nyuma, polepole na simama. Kengele ikalia katika chumba cha injini, na mhandisi huko chini akaitekeleza amri. Palikuwa na watu wawili na ufahamu wa aina mbili. Katika boti ndogo hapana nafasi ya mtu wa pili. Nahodha ni mhandisi, na mkono wake hauna budi kufika mwenyewe kwenye injini.

Waya wa Bowden haukutosha kwa kazi hii, kwa sababu hujua kuvuta tu. Breki ya baiskeli hurudishwa na springi. Mkono wa gia ya boti husogezwa mbele kutoka katikati ili kwenda mbele, na husogezwa nyuma ili kurudi nyuma. Kwa hiyo kebo yapasa kuvuta na kusukuma pia. Kebo za namna hiyo zilipata maendeleo makubwa katika ndege. Kampuni ya Teleflex ya Marekani, kwa mfano, ilianzishwa mwaka 1943 kwa ajili ya kutengeneza vidhibiti vya kusukuma na kuvuta vya ndege za kijeshi. Baada ya vita, ufundi huo ulienea katika boti za matumizi ya kawaida.

Maendeleo ya pili yalitoka katika kemia. Plastiki ya polithini iligunduliwa Uingereza mwaka 1933, na ile itelezayo kupita kiasi, inayojulikana zaidi kwa jina la biashara la Teflon, iligunduliwa na Roy Plunkett huko Marekani mwaka 1938. Plastiki za namna hii zikawekwa kati ya waya na ala, na chuma kikaacha kusuguana na chuma. Jambo hili lilibadili utunzaji wa kebo, nasi tutalirudia.

Boti za starehe za wakati huo zilizitegemea kebo hizi kabisa. Boti za Grand Banks zenye urefu wa futi 36, zilizoanza kuundwa Hong Kong katikati ya miaka ya 1960, kwanza kwa mbao na kuanzia mwaka 1973 kwa fiberglasi, ni mfano mzuri wa jamii yake: aghalabu zilikuwa na vituo viwili vya kuongozea, kimoja ndani na kingine juu ya paa. Kituo cha juu kina maana ya kebo ndefu, ishukayo ukutani, ipitayo chini ya sakafu, igeukayo tena na tena hadi ifike kwenye injini. Nyingi za boti hizi zingali zikielea, na kebo zisizobadilishwa kwa muda mrefu zimezeeka pamoja nazo.

Uzito umekaa wapi?

Mkono ukiwa mzito, swali la kwanza si namna ya kuulainisha. Swali la kwanza ni mahali uzito ulipo, na mahali hapo pawezekanapo ni patatu: kwenye mkono wa nahodha, ndani ya kebo yenyewe, au kwenye mkono mdogo ulio kwenye injini au gia. Njia ya kutambua ni moja. Injini izimwe. Kebo ifunguliwe upande wa injini, kisha mkono wa nahodha usogezwe. Ukiwa mwepesi, ubaya uko kwenye injini au gia. Ukiwa bado mzito, kebo ifunguliwe upande wa nahodha pia, na kila kimoja kijaribiwe peke yake: mkono peke yake, kebo peke yake. Chenye uzito kitajitaja.

Ubaya ukiwa ndani ya kebo, sababu zake zajulikana. Ya kwanza ni kutu kwenye ncha. Kila ncha ya kebo ina fimbo fupi ya chuma itelezayo ndani ya bomba dogo. Maji ya chumvi hukauka hapo, kutu hujenga, na fimbo hukaza. Ya pili ni ngozi ya nje kupasuka au kuungua kwa kupita karibu na bomba la moshi wa injini. Maji huingia, na zile waya za ala huvimba kwa kutu zikaubana waya wa ndani. Ya tatu ni kebo kubanwa mno na vibanio. Ya nne ni mipindo.

Juu ya mipindo kuna mambo mawili ambayo mfasiri asiyachanganye. Kwanza ni ukali wa mpindo mmoja. Kwa kebo nyingi za kawaida za boti, mpindo hautakiwi kuwa na nusu kipenyo pungufu ya sentimita 20 hivi. Pili ni jumla ya mipindo yote. Mwanahisabati Leonhard Euler, aliyeishi kutoka 1707 hadi 1783, alieleza namna msuguano wa kamba iliyozungushwa kwenye nguzo unavyokua: haukui kwa kujumlisha bali kwa kuzidisha. Tukichukua kwa mfano kipimo cha msuguano cha 0.15, kebo iliyogeuka jumla ya nusu duara hudai mara 1.6 ya nguvu ihitajiwayo upande wa pili. Duara moja hudai mara 2.6, duara moja na nusu, mara 4.1. Baharia alilijua jambo hili kwa mikono yake. Huizungusha kamba kwenye nguzo ya gati mara mbili au tatu, kisha huishika boti nzito kwa mkono mmoja. Msuguano unaomsaidia pale gatini ndio unaomtesa katika kebo yenye kona nyingi.

Sasa turudi kwenye suala la mafuta. Kebo za zamani zisizo na plastiki ndani ziliweza kutiwa mafuta, zikapata nafuu. Kebo zenye plastiki hutiwa kilainishi kiwandani zikafungwa. Aghalabu mafuta yatiwayo baadaye hayafiki panapohitajika, na mengine hugandamana na uchafu yakaongeza uzito. Shauri la kawaida la watengenezaji ni kwamba kebo ya namna hii ikishakuwa nzito ndani, isitibiwe, ibadilishwe. Grisi ni ya viungo vya nje. Mfasiri akiandika "tia waya mafuta" bila kusema ni waya gani na mahali gani, atakuwa amemwongoza msomaji kuharibu kitu huku akidhani anakitunza.

Iko sababu ya kulitazama jambo hili kwa uzito. Mkono wa gia usipofika mwisho wa mwendo wake kwa sababu ya kebo nzito, klachi ndani ya gia hushika nusu, huteleza, hupata moto na kuungua. Kebo ya bei ndogo huua gia ya bei kubwa. Na hasara ya gati, ya boti jirani au ya mtu aliyesimama ukingoni haina bei.

Tafsiri mbili za sentensi moja

Tuone sasa majina yanavyofanya kazi. Hii hapa sentensi tuliyoiunda kwa mfano, kwa kutumia neno waya peke yake:

"Waya ukiwa mgumu, toa waya upande wa injini na uvute waya. Waya ukiwa bado mgumu, badilisha waya."

Msomaji atatoa waya gani? Injini ya dizeli ya boti ya zamani yaweza kuwa na kebo tatu: moja ya kuongeza na kupunguza kasi, moja ya gia, na moja ya kuzimia injini kwa kukata mafuta, kwa maana injini ya dizeli haizimwi kwa kukata umeme wa plagi kama ya petroli. Pembeni yake zimo waya za umeme. Atakayetoa kebo ya kuzimia badala ya ile ya kasi ataweza kuiwasha injini asiyoweza kuizima. Tena atavuta nini, waya wa ndani au kebo nzima?

Sasa tuiandike upya:

"Kebo ya gia ikiwa nzito, ifungue upande wa injini, kisha usogeze mkono wa nahodha. Uzito ukibaki, ifungue upande wa nahodha pia, na uusukume na kuuvuta waya wa ndani kwa mkono. Waya wa ndani ukiwa mzito ndani ya ala, badilisha kebo nzima."

Urefu umeongezeka, lakini hapana mahali ambapo msomaji atasita.

Neno "ngumu"

Katika sentensi ya kwanza liko kosa jingine lililojificha. Ngumu, katika Kiswahili, ni sifa nzuri ya kitu kinachodumu. Mwenye duka husifu bidhaa yake kwa kusema ni ngumu. Mtu akiambiwa kwamba kebo yake ni ngumu aweza kushukuru. Madereva na mafundi walishalitatua tatizo hili zamani: husema usukani ni mzito, klachi ni nzito. Tena wana ngazi nyingine ambazo mfasiri afaa azitumie, kwa kuwa kila ngazi yatoa habari yake. Kebo nzito hudai nguvu kwa mwendo wake wote, na mara nyingi hiyo ni dalili ya mipindo mingi au uchakavu wa ndani. Kebo inayokwama hukataa mahali pamoja kisha huachia, na mara nyingi hiyo ni dalili ya kutu kwenye ncha au ya waya uliokatika nyuzi. Kebo iliyoganda haiendi kabisa. Kebo yenye mchezo huenda, lakini mkono husogea kidogo kabla injini haijatii, nayo ni dalili ya ala isiyoshikwa imara au viungo vilivyolika. Maneno manne, dalili nne. Yote ni ya mafundi wetu, wala hapana hata moja lililohitaji kuundwa.

Je, turudishe ujari?

Swali laja lenyewe: maadam lugha ilikuwa na ujari, kwa nini tusiliite jina hilo lifanye kazi hii? Hoja za kulirudisha ni nzito. Ni neno la bahari, lataja kazi, na ni letu. Wanaopenda kulitumia kwa kebo zote za kuongozea wana haki ya kusikilizwa.

Hata hivyo iko hoja inayoshinda. Ujari bado una kazi yake: ni kamba ya usukani. Boti nyingi ndogo za mota huongozwa usukani wake kwa kebo pia, na kebo hiyo ndiyo mrithi halali wa ujari. Tukilitandaza neno juu ya kebo za gia na za kasi, tutalifanyia ujari yaleyale yaliyofanyiwa waya. Litabeba mizigo mingi hadi lisieleze kitu. Heshima ya neno la zamani ni kulitumia kwa usahihi wake. Kwa hiyo twaona inafaa ujari ubaki kwa kebo ya usukani, na kebo za injini zipewe jina kuu moja likifuatwa na kazi.

Jina hilo kuu ni kebo. Wako watakaolikataa kwa ugeni wake, na wako watakaosema lachanganywa na kebo za umeme, hasa leo ambapo boti nyingi mpya huongozwa kwa ishara za umeme badala ya kamba. Jibu ni kwamba kebo imekwisha kuenea, na kwamba jina la kazi likiambatanishwa daima, mchanganyiko huondoka. Neno ala nalo litapingwa kwa kuwa lina maana ya chombo, kama katika ala za muziki. Lakini ala ya kisu yafahamika, na uhusiano ni uleule: kimoja kinakaa, kingine chaingia na kutoka. Bitana hakuna asiyelijua kwa fundi cherehani. Ni kitambaa cha ndani kiachacho vazi liteleze mwilini. Kazi ya plastiki ndani ya ala ndiyo hiyo.

Mapendekezo

Kwa kuzingatia hayo, majina yafuatayo yatolewa ili yajadiliwe:

Kebo ya kuongozea: kifaa kizima, waya pamoja na ala na ncha zake.
Waya wa ndani: sehemu iendayo, ivutayo na kusukuma.
Ala: gamba la waya za chuma likaalo imara na kuuzunguka waya wa ndani.
Bitana: plastiki iliyo kati ya waya wa ndani na ala.
Ngozi: plastiki ya nje izuiayo maji.
Fimbo ya ncha: kipande cha chuma kitelezacho mwishoni mwa kebo.
Kebo ya kasi, kebo ya gia, kebo ya kuzimia: kebo tatu za injini kwa kazi zake.
Ujari: kamba au kebo ya usukani peke yake.
Mkono wa nahodha, mkono wa injini, mkono wa gia: vishikwa vya mwanzo na vya mwisho wa kebo.
Nzito, kukwama, kuganda, kuwa na mchezo: hali nne za ubaya, zisizobadilishana.

Hitimisho

Majina haya hayana budi kupimwa gereji, gatini na darasani kabla ya kupimwa mezani. Walimu wa vyuo vya ufundi wana nafasi bora kuliko wengine: wampe mwanafunzi maelezo yaliyoandikwa kwa majina haya, wamwache afanye kazi bila kuonyeshwa kwa kidole, kisha waangalie mahali alipositia. Panapositiwa ndipo istilahi ilipo na kasoro. Wafasiri na maofisa wa idara zinazoagiza vyombo vya majini, nao, wanaombwa wasipokee kitabu cha matengenezo ambacho neno waya limesimama peke yake bila kazi yake. Waulize: waya wa nini, na uzito wake uko wapi?